Densite Imetoka Chini: Kutafuta Sukari Iliyopotea Unapopika Bia ya Nafaka Goma

Lalamiko linalorudi kuliko mengine yote kwa wanaopika bia nyumbani hapa Goma ni hili: mapishi yalisema densite, yaani uzito wa juisi ya kimea ukilinganishwa na maji, unaopanda kadiri sukari inavyozidi, itakuwa 1.050 kabla ya kuweka chachu, densimeta ya kuipimia ikaonyesha 1.040, mara nyingine 1.036. Mtu ametumia kilo tano za kimea cha shayiri alichokiagiza mbali, amechoma makala mchana kutwa, na anachopata ni bia nyepesi isiyo na nguvu wala mwili. Wengi wakifika hapo wanaamua kuongeza kimea mara ijayo. Naomba usianze na hilo. Ukiongeza kimea bila kujua sukari inapotelea wapi, unaongeza tu kiasi kinachopotea.

Miongozo mingi ya kupika bia imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wengi wao wakipika karibu na usawa wa bahari kwa maji ya bomba yasiyo na magadi mengi. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu mengi yanavutwa kutoka Ziwa Kivu. Mambo hayo mawili yanabadilisha kazi nzima, nami nitayapa nafasi kubwa hapa chini. Lakini anza na vipimo, kwa sababu mara nyingi sukari haijapotea popote.

Kwanza, ulitarajia ngapi na kwa nini?

Kimea cheupe cha shayiri kilicho kizuri kinaweza kutoa takriban alama 300 kwa kilo moja ndani ya lita moja. Alama ni zile namba za mwisho: 1.050 ni alama 50. Hakuna anayezipata zote 300 nyumbani. Asilimia 70 ni kazi nzuri. Anayepikia ndani ya mfuko wa kitambaa bila kusuuza machicha (nafaka inayobaki baada ya kuchuja juisi) mara nyingi huwa karibu na 65.

Kilo 5 zina alama 1,500. Asilimia 70 yake ni 1,050. Gawanya kwa lita 20, unapata 52, yaani 1.052. Gawanya kwa lita 25, unapata 42. Mapishi mengine yameandikwa na mtu mwenye vyombo vinavyompa asilimia 80, na hasemi. Ukiyafuata neno kwa neno utatoka chini kila mara bila kukosea chochote. Fanya hesabu yako mwenyewe kwanza. Na nafaka ipimwe kwa mizani, si kwa kopo: kopo la kimea kilichovunjwa na kopo la kimea kizima havina uzito mmoja.

Dalili: densite iko chini, na juisi ni nyingi kuliko ulivyopanga

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Zidisha lita ulizonazo kwa alama ulizopima. Ulitaka lita 20 za 1.050, yaani 1,000 kwa jumla. Umepata lita 24 za 1.042, 24 mara 42 ni 1,008. Sukari yako yote ipo, imezimuliwa na maji tu.

Sababu ya kwanza ni kukadiria ujazo kwa macho. Bidoni la njano linaloitwa la lita 20, ukilijaza hadi shingoni, hubeba zaidi ya hizo 20. Chukua chupa ya lita moja unayoiamini, mimina maji kwenye sufuria lita kwa lita, na kila lita ukate alama kwenye mpini wa mwiko mrefu. Mwiko huo uwe wa sufuria hiyo tu. Kumbuka pia kwamba maji yanayochemka yametanuka: lita 25 za moto zitakuwa kama 24 zikipoa.

Sababu ya pili ni moto. Mbabula ya makala huanza kwa nguvu, kisha hufifia bila wewe kuona, na juisi inabaki kutokota pembeni badala ya kuchemka. Hapo hukaushi lita ulizotegemea kukausha katika saa moja. Kuacha kifuniko juu ya sufuria kunaleta matokeo yale yale. Dawa ni kuendelea kuchemsha bila kifuniko mpaka ufikie ujazo uliopanga. Ndiyo maana hopsi za uchungu (maua yanayotia bia uchungu) usiziweke kabla ya kupima densite na ujazo. Ukizitia mapema kisha ukachemsha saa moja ya ziada, bia itakuwa chungu kuliko ulivyotaka.

Dalili: ukipima mara mbili unapata majibu mawili

Juisi ikiwa ya moto, densimeta inadanganya, tena kila mara kwa upande wa chini. Nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20. Soma karatasi iliyo ndani ya kioo uone yako. Kwa densimeta ya nyuzi 20, juisi ikiwa 30 ongeza kama alama 2 na nusu. Ikiwa 40 ongeza 6. Ikiwa 60 inakosekana kama alama 15. Mtu anayepima juisi ya nyuzi 60 na kuona 1.035 ana 1.050 mkononi na hajui. Lakini usitegemee marekebisho ya joto kubwa hivyo. Weka sampuli kwenye kikombe cha chuma, kizamishe ndani ya maji baridi, subiri ifike chini ya 30. Kioo chembamba kwenye juisi ya moto pia hupasuka, na ndani yake kuna vyuma vidogo vya uzito ambavyo hutaki ndani ya bia.

Kisha angalia mchanganyiko. Ukiongeza maji safi kwenye ndoo ya kuchachushia, yanakaa juu na juisi nzito inakaa chini. Sampuli ya juu itasoma chini, ya bombani itasoma juu. Koroga kwa nguvu dakika mbili kisha upime. Hilo linatokea pia kwenye sufuria kabla ya kuchemka, baada ya kumimina maji ya kusuuzia.

Halafu densimeta yenyewe. Iweke kwenye maji safi ya nyuzi 20, isome 1.000. Ikisoma 0.996, karatasi ya ndani imeteleza. Ongeza alama 4 kwa kila kipimo au nunua nyingine. Izungushe kidogo kwa vidole ili vipovu viachie kioo, na usome pale uso wa juisi ulipo tambarare, si pale unapopanda kwenye kioo.

Wanaotumia refraktometa, ile ya kutazama kwa jicho: tone moja likauke kidogo tu kwenye kioo na namba inapanda. Na chachu ikishaanza kazi, chombo hicho hakisomi tena sawasawa kwa sababu pombe inapindisha mwanga.

Kijiko cha machicha

Tuseme vipimo viko sawa, ujazo uko sawa, na bado uko chini. Sasa sukari imepotea kweli, na machicha ndiyo yatakayokuambia ilikokwenda. Kabla ya kumpa jirani mwenye nguruwe, chota vijiko viwili, kutoka katikati ya chombo na si juu. Weka kimoja mdomoni, kingine kwenye sahani nyeupe.

Kile cha mdomoni kikiwa kitamu, sukari ilitengenezwa lakini imebaki humo. Kikiwa hakina utamu, tafuna polepole. Ukikuta punje zenye kiini kigumu cheupe kama chaki, wanga haukufikiwa na maji. Za kwenye sahani ziponde kwa mgongo wa kijiko, udondoshee iodini ya dawa, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa famasia. Unga wa ndani ukigeuka bluu nzito au mweusi, wanga umebaki. Maganda yenyewe yanaweza kuwa na madoa meusi hata kazi ikiwa imekamilika, usiyahesabu. Vilivyotiwa iodini visionjwe wala kurudishwa kwenye sufuria au kupewa mifugo. Vimwage.

Dalili: machicha bado matamu

Kosa liko kwenye kuchuja na kusuuza. Kinachotokea zaidi ni haraka. Maji ya kusuuzia yakimiminwa kwa nguvu sehemu moja yanachimba njia na kushuka hapo hapo, na nafaka za pembeni hazisuuzwi. Ukifungua bomba lote mwanzoni, tabaka linagandamana. Kama unasuuza kwa mikupuo, mimina maji, koroga nafaka yote hadi chini, subiri dakika 10, rudisha juisi ya kwanza yenye machujo juu mpaka itoke safi, ndipo uchuje. Kama unasuuza kwa kumwagia taratibu, itumie saa nzima na usiyaache machicha yakauke juu.

Wenye kutumia mfuko: uinue, uuning'inize, uukamue. Hofu kwamba kukamua kunaleta ukakasi imezidishwa. Ukakasi unaletwa na maji ya moto kupita 77 na yenye magadi. Usisahau pia kwamba kila kilo ya nafaka inabaki na karibu lita moja ya juisi, na kilichobaki chini ya bomba nacho kimepotea. Acha kusuuza juisi inayotoka ikifika 1.010, baada ya hapo unavuna maji na ukakasi.

Dalili: punje zina kiini cheupe, lakini juisi ikitiwa iodini inabaki ya njano

Hapa kosa ni usagaji, na kwa kweli ndiyo sababu ya kwanza ya densite ya chini popote duniani. Juisi inaonekana safi kwa sababu wanga uliotoka wote umegeuka; uliobaki umefungiwa ndani ya punje. Watu wanapima juisi tu kwa iodini, wanaona njano, wanasema kila kitu kimekamilika.

Chukua kiganja cha kimea kilichosagwa kabla ya kukitia kwenye maji. Kila punje iwe imevunjika vipande vitatu au zaidi, na maganda yawe bado mapana. Ukikuta punje nzima zaidi ya chache tu, saga tena. Kwenye mashine ya roli, nafasi ya milimita 1 au pungufu kidogo inatosha shayiri nyingi. Kimea chenye punje ndogo kinahitaji nafasi finyu zaidi.

Mashine ya mtaani inayosaga mahindi na mihogo inatoa kasoro ya upande wa pili. Inaleta unga laini na kusaga maganda pamoja, na uji, yaani kimea kilicholowekwa kwenye maji ya moto, unaziba. Kwa anayepikia kwenye mfuko si mbaya sana. Kwa anayechuja kupitia machicha ni balaa. Mashine ndogo ya mkono ya sahani mbili za chuma, ile ya kusagia karanga, ukiilegeza vizuri inafanya kazi ya kuaminika. Ukipeleka kimea kwa msagishaji, mwombe asafishe mashine kwanza, la sivyo unarudi na unga wa mihogo usiopimwa.

Dalili: juisi yenyewe inageuka bluu au nyeusi

Wanga umetoka ila haujageuka sukari. Vimeng'enya vya kimea, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, havikufanya kazi, au vilikufa. Chukua sababu kwa mpangilio huu.

Muda. Saa moja ndiyo kawaida, lakini ikiwa iodini bado inakuwa nyeusi, ongeza dakika 30 kabla ya kuwaza kitu kingine. Koroga pia: mabonge ya unga mkavu ndani ya uji yanabaki makavu saa nzima. Lita 3 za maji kwa kilo moja ya kimea zinakorogeka vizuri.

Joto. Hapa Goma ndipo penye mtego. Vimeng'enya vinavyohitajika vinafanya kazi vizuri pamoja kati ya nyuzi 64 na 68. Chini ya 60 wanga wa shayiri hauvimbi vya kutosha. Ukivuka 75 vimeng'enya vinakufa kwa dakika chache, na ukipoza baadaye havifufuki.

Miongozo inakuambia uthibitishe kipimajoto kwenye maji yanayochemka: kisome 100. Fanya hivyo Goma na utajiharibia kazi. Kwa mwinuko wetu maji huchemka karibu na 95, kwa sababu kila mita 300 hivi za kupanda zinapunguza nyuzi moja. Kipimajoto kinachosoma 95 kwenye sufuria inayochemka hapa ni kizima. Mtu akikiona, akadhani kimekosea, akakisogeza kisome 100, basi kila anaposoma 67 uji wake uko 62. Shayiri itajikongoja. Ukiwa na mtama ndani, karibu hakuna kitakachotokea. Kinachosoma 100 hapa Goma ndicho chenye kasoro. Njia salama ni barafu: ponda barafu, tia maji kidogo, koroga, kisome 0. Kisha maji yanayochemka, kisome 95. Vikikubali vyote viwili, kiamini.

Maji ya kwanza nayo yana hesabu yake, maana kimea baridi kinayapoza. Kwa kilo 5 ndani ya lita 15, kimea kikiwa na nyuzi 22, maji ya nyuzi 72 yatatulia kwenye 66. Pima sehemu tatu za chombo, si moja. Na Goma si Uvira: jioni hapa ina baridi, na sufuria nyembamba ya alumini inapoteza joto upesi. Ifunge kwa blanketi mbili, mbali na moto. Ukilazimika kuwasha moto chini yake, koroga bila kuacha, kwa sababu chini inaweza kufika 80 wakati juu inasoma 65.

Kimea chenyewe. Kimea kilichokaushwa vizuri hukatika kwa sauti ukikitafuna. Kikiwa kimelainika kimevuta unyevu njiani au stoo, na nguvu yake imepungua. Kimea cha rangi, cha karameli na cha kuchoma havina vimeng'enya vya kutosha. Vikizidi, hakuna wa kugeuza wanga. Kimea kikionyesha ukungu au kunuka uvundo, acha kazi. Kisionjwe, kisitumike, kisipewe kuku wala nguruwe. Sumu ya ukungu wa nafaka haiondoki kwa kuchemsha.

Dalili: bia nyeusi inatoka afadhali, ya dhahabu inatoka chini kila mara

Ukiniambia hivi nitakuuliza maji yako yanatoka wapi kabla ya swali lingine lolote.

Uji wa kimea unataka pH (kipimo cha uchachu: asidi ikizidi, namba inashuka) kati ya 5.2 na 5.6, ikipimwa kwenye sampuli iliyopozwa. Kimea chenyewe kinavuta pH chini kikikutana na maji ya kawaida. Maji ya Ziwa Kivu yana pH karibu na 9 na bikaboneti nyingi sana, na bikaboneti hizo ndizo zinazopigana na asidi ya kimea. Namba ya 9 peke yake si shida kubwa. Shida ni ule ugumu wa kushuka. Unaingiza kimea, pH inateremka kidogo, inakwama juu ya 6. Vimeng'enya vinafanya kazi kwa uvivu, wanga unabaki, na wakati wa kusuuza maganda yanatoa ukakasi. Kimea cha kuchoma kina asidi zaidi, ndiyo maana bia nyeusi inapona nusu.

Bomba la mjini, bidoni zinazofika kwa chukudu na lori la maji, kwa sehemu kubwa asili ni ile ile. Kutibu maji kwa klorini kunaua vijidudu, hakuondoi magadi. Kuchemsha pia hakusaidii sana, na hapa miongozo ya nje inapotosha tena. Kwenye maji yenye kalsiamu nyingi, kuchemsha hufanya chokaa itulie chini na bikaboneti ipungue. Maji ya Kivu yana kalsiamu kidogo; yaliyojaa humo ni magnesiamu, sodiamu na potasiamu. Ukichemsha saa moja, unapunguza maji na kukoleza magadi yale yale.

Dawa ninayoipendelea ni maji ya mvua. Acha mvua ya dakika za kwanza ioshe bati, kinga inayofuata kwenye pipa safi, chuja kwa kitambaa, chemsha. Siku ambazo moshi au majivu ya volkano ya Nyiragongo yanaelekea mjini, mvua ya siku hizo iache. Maji ya mvua hayana madini, kwa hiyo lita 20 zitiwe gramu 4 za kalsiamu kloraidi ya daraja la chakula. Vimeng'enya vinaihitaji kalsiamu hiyo. Kama mvua haitoshi, itumie kwanza kwenye uji, na kwa kusuuza changanya robo moja ya maji ya ziwa na robo tatu za mvua. Maji ya chupa yenye madini machache nayo yanafaa. Soma lebo, bikaboneti ikiwa chini ya miligramu 50 kwa lita uko salama.

Asidi ya laktiki inaweza kusahihisha kinachobaki. Anza na mililita 1 kwenye uji wa kilo 5, koroga, subiri dakika 5, pima, rudia. Maji ya ziwa matupu yangehitaji zaidi ya mililita 1 kwa kila lita, na bia yako ingekuwa na ladha ya maziwa yaliyochacha. Kwa hiyo changanya maji kwanza, asidi ije mwisho. Vikaratasi vya rangi vinakupa picha tu. Mita ya pH iliyosahihishwa kwa maji maalumu yenye pH ya 4 na ya 7 ndiyo inayostahili kuaminiwa.

Dalili: densite inashuka ukitia mtama au mahindi

Wanga wa mtama unahitaji nyuzi 68 hadi 75 ndipo uvimbe, na wa mahindi unaukaribia. Ukiuweka mbichi ndani ya uji wa nyuzi 65, unabaki mchanga chini ya sufuria. Upike kando kwanza: unga, maji mengi, kiganja cha kimea cha shayiri ili usigande, nusu saa ya kuchemka. Nyuzi 95 zetu zinatosha kabisa. Kisha upoze hadi karibu na 66 kabla ya kuuchanganya. Kosa ninaloliona sana ni kumimina ugali unaotokota moja kwa moja juu ya kimea. Vimeng'enya vyote vinakufa pale pale, na hakuna muda wa kusubiri utakaoviokoa.

Kimea cha mtama nacho ni kidhaifu katika kimeng'enya kimoja muhimu cha kutoa sukari. Kichanganye na shayiri, mtama usizidi theluthi mpaka ujue chombo chako. Ukichipusha mtama mwenyewe, ukaushe vizuri na usugue vichipukizi na mizizi vyote vitoke, maana vichipukizi vya mtama vina kitu kinachotoa sianidi.

Mtama na mahindi havina maganda ya kuchujia, kwa hiyo uji ukiziba usishangae. Zima bomba, koroga tabaka lote, ongeza maji ya nyuzi 75 kidogo, liache litulie. Kinga ni maganda ya mpunga kutoka kinu cha mchele, yaliyooshwa. Gramu 300 kwenye kilo 5 zinaleta tofauti kubwa. Usipulize bomba kwa mdomo. Juisi ya moto hurudi.

Dalili: bia za kawaida ziko sawa, kali tu ndizo zinatoka chini

Hiyo si kasoro. Nafaka nyingi kwa maji machache ya kusuuzia huacha sukari zaidi nyuma. Panga asilimia 60 badala ya 70 na uongeze kimea. Hapa ndipo kuongeza kimea kunafaa.

Kuokoa sufuria iliyo motoni sasa

Endelea kuchemsha, ukikubali lita chache. Au tia sukari: kilo moja ya sukari nyeupe ina alama kama 380, kwa hiyo gramu 250 katika lita 20 zinapandisha kama alama 5. Zaidi ya nusu kilo katika lita 20, bia inakuwa nyembamba mdomoni. Ukiwa na unga wa kimea uliokaushwa, huo ni bora kuliko sukari. Usiongeze maji mabichi ya ziwa kwa sababu yoyote baada ya kuchemsha. Yanayoingia hapo hayatapata tena moto wa kuua vijidudu vya kipindupindu.

Hapa acha kazi

Mbabula ya makala haipikiwi ndani ya nyumba iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Kichwa kikianza kuuma au miguu kulegea, toka nje na uwatoe wengine, usirudi kuangalia sufuria. Ndoo zinazochachuka zisikae kwenye shimo au chumba cha chini kisicho na hewa: gesi inayotoka ni ile ile ya mazuku, kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito, inakaa chini, na inaua kimya.

Sufuria ya umeme ikikupiga shoti, hata ndogo, zima kwenye kikata umeme na umwite fundi wa umeme. Usiifungue mwenyewe, usivae ndala ukaendelea. Umeme ukipanda na kushuka, chomoa. Ukinusa gesi ya chupa, usiwashe chochote, funga koki, fungua milango, mwite fundi. Juisi ya moto ikikuunguza, mwagia maji safi ya baridi dakika 20, bila mafuta wala dawa ya meno. Usoni, mkononi kote au kwenye malengelenge makubwa, nenda hospitali. Asidi ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi dakika 20 kisha hospitali hiyo hiyo siku.

Na kama densimeta imepasuka au huiamini, usifunge chupa. Bia isiyopimwa inaweza kuwa haijamaliza kuchachuka, na chupa itapasuka kabatini, vioo vikaruka hadi walipolala watoto. Azima densimeta nyingine, pima siku tatu mfululizo. Namba ikibaki ile ile, funga.